Maswali ya Wasomaji: Chuma Kizito Safarini

Barua za safari hii kutoka Arusha na Moshi karibu zote zinauliza jambo moja: chuma cha mashine kifungweje ili kifike kama kilivyotoka.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimemuuzia mteja wa Mwanza giaboksi ya Hiace. Mizani ya sokoni imesoma kilo 44. Wakala wa vifurushi ananiambia niitie kwenye salfeti mbili, nifunge kamba, basi. Roho inasita. Niifungeje?
*Msomaji, Unga Limited, Arusha*

JIBU: Ndugu yetu, roho yako inasita kwa haki. Mahindi yakitiwa kwenye salfeti hujipanga yenyewe, giaboksi haijipangi. Kutoka Arusha kupitia Babati, Singida na Nzega hadi Mwanza, matuta hayahesabiki, na kila tuta ni kilo 44 kuruka na kutua. Mara nyingi kinachoiumiza si mzigo wa jirani kuigonga. Ni mwendo wake yenyewe ndani ya kile ulichoifungia. Kwa hiyo kazi yote ni kuizuia isicheze hata kidogo.

Anza na oili. Fungua boliti ya kumwagia, ingiza gia, zungusha shafti ya mbele kwa mkono mara kumi hivi, kisha iache usiku kucha tundu likiangalia chini. Hata hapo kitabaki kama kikombe cha chai kwenye kona za ndani. Rudisha boliti na uikaze. Mafundi wengi huishia hapo, wakasahau mkia wa nyuma panapochomekwa propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Bila propela hapo ni wazi, na oili iliyobaki itatokea hapo hapo kulowesha mizigo ya watu. Funika kwa nailoni nene, zungushia utepe mpana mizunguko mitatu. Ng'oa mkono wa gia, ziba tundu lake, ziba na tundu dogo la kupumulia lililo juu. Halafu funga kibandiko kwa waya kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi: HAINA OILI. ONDOA UTEPE KWENYE TUNDU LA KUPUMULIA. Utepe ukisahaulika pale, giaboksi ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, ikakosa pa kutokea, ikasukuma oili kwenye sili. Mteja atadhani umemuuzia kimeo.

Sasa boksi. Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 18, sentimita 90 kwa 45. Chini yake funga mbao mbili za inchi 2 kwa 4 zikisimama kwa ubavu wao mwembamba, ipatikane nafasi ya sentimita 10 hivi ya kupitisha mikono au meno ya foklifti. Upande mmoja simamisha ukuta wa plaiwudi hiyo hiyo ya 18, uutie pembetatu mbili za mbao kwa ndani usiyumbe. Ukuta huo ndio utakaoshika mdomo mpana wa giaboksi, ule unaofungwa kwenye injini. Tumia matundu yake yenyewe, yasipungue manne, kwa boliti zinazoyajaa, na upande wa mbao weka washa pana. Washa ndogo huzama kwenye plaiwudi, na boliti italegea kabla basi halijafika Babati.

Kabla ya kukaza, pima ncha ya shafti. Kama inatokeza nje ya mdomo, toboa plaiwudi ipite bila kugusa popote. Shafti ikigusa ukuta, kila tuta linapiga beringi ya mbele, na ubovu huo hauonekani kwa macho. Utasikika mteja akishaifunga na kuwasha gari. Nyuma, panapokaa mauntini (kishikizo cha mpira kinachoibeba giaboksi garini), weka kipande cha mbao cha kimo kinachofaa, kisha shusha boliti mbili hadi chini ya sakafu.

Watu hupenda kutandika sponji ya godoro chini ya chuma. Usifanye hivyo. Sponji hubonyea hadi mwisho, boliti zinabaki zinaning'inia, na mchezo uliokuwa unauzuia unaanza. Chuma kikae juu ya mbao, kwa boliti.

Kuta zilizobaki na kifuniko zinatosha kwa plaiwudi ya milimita 12, na kwenye kona nne simamisha nguzo za 2 kwa 2, maana kwenye buti la basi lazima kitu kitapangwa juu yake. Funga kila mahali kwa skrubu za inchi 2 na nusu. Msumari hung'oka kidogo kidogo kwa mtikisiko, skrubu hushika. Tena mteja ataifungua kwa bisibisi badala ya mtaimbo. Kamba za kubebea, za katani zenye unene wa milimita 12, zipite kwenye matundu ya sakafuni, si ya kuta. Boksi la namna hii lina kilo 20 hadi 23, kwa hiyo mzigo utafika kilo 66 hivi. Ndiyo, mbao utazilipia nauli. Lipia.

SWALI: Nina mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli. Krenki inakwenda Dar es Salaam kuchongwa. Mara iliyopita ilichongwa vizuri, ikarudi ina mikwaruzo, fundi akasema ichongwe upya. Nifanye nini isijirudie?
*Mama mwenye mashine, Kiboriloni, Moshi*

JIBU: Shikamoo mama. Ulipata hasara ya kweli, maana krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haina nyama ya kupoteza. Kwa kawaida huchongwa kwa hatua za milimita 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75, na kila hatua ina beringi za saizi yake. Mkwaruzo mmoja wa kushikika kwa ukucha, kama kuung'arisha hakuuondoi, unakupeleka hatua inayofuata. Kwa hiyo safari ya kurudi ndiyo ya kuogopa kuliko ya kwenda, na boksi unalolitengeneza Moshi liende na lirudi na krenki hiyo hiyo. Mwambie fundi wa Dar asilitupe.

Kwanza, gurudumu zito la injini liondolewe, lisafiri peke yake. Likiachwa kwenye krenki, uzito wote unaning'inia ncha moja, na boksi likidondoka upande huo krenki inaweza kupinda. Nati ya ncha irudishwe mahali pake ilinde meno ya skrubu.

Zile sehemu zinazong'aa zinazokalia beringi zipakwe oili nzito ya injini, si kwa kitambaa cha gereji bali kwa brashi safi. Chembe moja ya mchanga kwenye kitambaa inatosha kukwaruza. Kisha zungushia nailoni safi, funga kwa utepe juu ya nailoni, gundi isiguse chuma. Gazeti na gunia tusivione hapo. Vyote hufyonza unyevu na kuulaza juu ya chuma, na kutu hula sehemu iliyochongwa kwa siku chache tu.

Halafu kata vipande viwili vya mbao ya 2 kwa 6, kila kimoja kiwe na nusu duara inayoingiana na shingo kuu za ncha mbili, zile zinazokaa kwenye bloku. Tandika ngozi au kitambaa safi kilichokunjwa mara nne na kuloweshwa oili. Krenki ilale juu ya hivyo viwili pekee, na vingine viwili vya namna hiyo viibane kwa juu, kwa boliti ndefu. Zile shingo zinazoshika koni rodi (mikono ya pistoni) na yale mapande mazito yanayozunguka visiguse mbao wala sakafu. Ukiweza kupitisha kidole chini yake kote, umefunga sawa.

SWALI: Pampu ya haidroliki ya trekta, kilo 31, inatakiwa Uingereza kwa matengenezo, kwa ndege kutoka KIA. Boksi la mbao linakubalika?
*Msomaji, Usa River*

JIBU: Linakubalika, ila si la mbao yoyote. Kanuni za kimataifa za kuzuia wadudu, zinazojulikana kama ISPM 15, zinataka mbao ya kufungia mizigo iwe imetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa moto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na ipigwe mhuri wenye suke la ngano na herufi HT. Mbao ya 2 kwa 4 ya kawaida haina mhuri huo. Plaiwudi imesamehewa, kwa sababu imeshapita kwenye joto na gundi kiwandani. Tengeneza kila kitu kwa plaiwudi, hata miguu: gundisha vipande vinne vya milimita 18 kimoja juu ya kingine, vitie skrubu, tayari una mguu wa sentimita 7.

Mwaga mafuta yote, na matundu yazibwe kwa vizibo vya chuma au plastiki vya kukaza. Usisokomeze matambara, nyuzi zake huingia ndani. Andika kwenye karatasi za mzigo kwamba pampu imemwagwa mafuta na kusafishwa.

Kwa bei, kampuni nyingi za vifurushi vya ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawa kwa 5,000, kisha hutoza kilicho kikubwa kati ya hesabu hiyo na mizani. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 linatoa 16, nawe utakuwa na kilo 41 kwenye mizani. Utalipia 41, kwa hiyo usibane boksi ukidhani unaokoa fedha.

Thamani itaje kabla ya kusaini. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, fidia ya mzigo wa ndege kimataifa ina kikomo cha SDR 26 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024, isipokuwa umetaja thamani kubwa zaidi na kulipia nyongeza. Uharibifu ukionekana, mpokeaji alalamike kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu apokee. Piga picha boksi likiwa wazi, boliti zikionekana.

SWALI: Kuchora glasi iliyovunjika juu ya boksi kunasaidia?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

JIBU: Kwa chuma, kidogo sana. Kinachomsaidia mpagazi ni kujua uzito kabla hajainama. Andika KILO 66, WATU WATATU kwenye pande zote nne, mshale wa juu, na duara palipo na kamba. Tumia rangi ya mafuta. Wino wa kalamu hauvuki mvua ya masika.