Zao lake, zao lao, na pweza wa Darajani

Msomaji wa Wete, mwanafunzi wa chuo, anauliza: "Nimetunga fumbo la kufumbua kwa kompyuta: 'Tafuta namba nne zinazofuatana, zao lake ni 3024.' Mwalimu kanisahihisha: 'zao lao'. Nani kapatia?"

Wewe, mwanangu. Zao hapa ni jibu la kuzidisha, na namba haina roho. Wazee husema miti na matunda yake, hata miti ikiwa elfu. Wenye "lao" ni watu na wanyama. Hilo la mwalimu nalo limeshazoeleka, simgombezi, ila mie nikilisikia naona watu wanaanika karafuu. Zao latokana na kuzaa. Basi, hilo limekwisha.

Kinachonikera ni nduguye, "mara". Mara ni ya kuzidisha: 6 mara 7 mara 8 mara 9, hiyo 3024 yako. Juzi nipo Darajani, sokoni Unguja, muuza pweza ananambia: "Chukua fungu, mzee wangu, leo bei imepungua mara tatu." Jana lilikuwa shilingi 12,000. Nikasimama, kikapu mkononi. 12,000 mara tatu ni 36,000. Zitoe kwenye 12,000, inabaki hasi 24,000. Kwa hiyo nachukua pweza, na wewe unanipa 24,000 juu? Akanitazama kama aliyeona mtu kapigwa na jua. Alikusudia theluthi, yaani 4,000. Theluthi! Neno tunalo, twagawia mirathi, likifika sokoni twalisahau. Yeye namsamehe, ana jua na nzi. Mtangazaji aliyekaa kwenye kiyoyozi akasema ajali "zimepungua mara mbili", huyo ana udhuru gani? Ukipunguza mara moja tu haibaki hata ajali moja; ya pili utaitoa wapi?

Mashine haina uzembe huo. Namba yako ya kwanza iite n: n mara (n+1) mara (n+2) mara (n+3), toa 3024; ukifungua mabano unapata polinomia, yaani jumla ya vipeo vya n, kila kimoja na namba yake. Ipe Octave, programu ya kompyuta ya hesabu, namba hizo, 1, 6, 11, 6 na hasi 3024, iambie itafute mizizi, yaani thamani za n zinazoifanya polinomia iwe sifuri. Itakuletea minne: 6, hasi 9, na miwili ya namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha namba hasi ndani yake. Hiyo miwili itupe. Hasi 9 usiitupe, maana hasi 9 mara hasi 8 mara hasi 7 mara hasi 6 nayo ni 3024. Ukitaka jawabu moja, andika "namba chanya" kwenye fumbo lako. Hapo ndipo mwalimu angekusahihisha.

Pweza nilimlipia 4,000. Muuzaji akaniongezea mnyiri mmoja, nadhani ili niondoke.