Kuweka Google Analytics kunashusha tovuti kwenye utafutaji? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, nimelielewa swali lako hivi: umeweka Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, wiki tatu baadaye kurasa zako zimetoka nafasi ya nne zikaangukia ukurasa wa pili wa matokeo, na sasa unauliza kama uing'oe. Mdau hapo juu naye amekutia hofu kwamba Google wanaona wageni wako wanavyoingia na kutoka upesi, ndiyo maana wamekushusha. Naanza na hiyo hofu, maana nami niliwahi kuwa nayo.

Google hawachukui takwimu za Analytics yako kupangia matokeo. Wamelisema hilo kwa miaka mingi: Matt Cutts alilisema enzi zake akiongoza kikosi cha kupambana na kurasa taka, na John Mueller na Gary Illyes, nao wa Google, wakalirudia. Najua, kwa mtu mbishi kama mimi, "wamesema wenyewe" si ushahidi. Basi tazama namba ya utambulisho ya Analytics yako. Iko wazi kwenye msimbo wa ukurasa, anayetaka kuiona anaiona. Akishaipata anaweza kukutumia ziara bandia bila hata kuifungua tovuti yako. Kuna kipindi ripoti zangu zilijaa wageni waliotoka kwenye tovuti za ajabu ajabu, na nilipopekua kumbukumbu za seva sikukuta hata mmoja wao. Wageni hewa kabisa. Kama takwimu hizo ndizo zingekuwa zinapanga matokeo, washindani wangemalizana kwa kutumiana wageni wa aina hiyo. Na tovuti zinazotumia Matomo, chombo kingine cha kuhesabu wageni kisicho cha Google, au zisizohesabu wageni kabisa, zingepimwa kwa lipi?

Halafu hiyo asilimia ya "walioingia na kutoka" yenyewe haina msimamo. Kwenye toleo la zamani la Analytics, lililoacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, mtu aliyesoma makala yako dakika kumi akaondoka bila kufungua ukurasa wa pili kwa kawaida alihesabiwa kuwa ametoka tu. Kwenye GA4, toleo lililofuata, ziara ikizidi sekunde 10 haihesabiwi hivyo tena. Msomaji ni yule yule na makala ni ile ile, ila nilipohama asilimia iliporomoka huku nafasi zangu zikibaki zilipokuwa.

Sasa mdau wetu hajakosea kila kitu. Mibofyo wanaiangalia, lakini ile ya kwenye ukurasa wao wa matokeo. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google mwaka 2023, Pandu Nayak, mmoja wa wakubwa wa idara yao ya utafutaji, alieleza mahakamani kuhusu mfumo uitwao Navboost, unaojifunza kutokana na mibofyo ya watafutaji na kutumia data ya miezi 13. Mtu akibofya matokeo yako kisha akarudi kubofya ya jirani, hilo limetokea nyumbani kwa Google. Uwe na Analytics usiwe nayo, wameliona.

Mimi niliing'oa, kwa hofu hiyo hiyo uliyonayo. Nafasi hazikusogea, si juu si chini. Kilichotokea ni kioja kingine: umiliki wa tovuti kwenye Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji, nilikuwa nimeuthibitisha kwa kutumia tagi hiyo hiyo ya Analytics, yaani kipande chake cha msimbo, na nilishasahau. Nimeondoa tagi, uthibitisho ukafa. Nikaja kufungua siku moja naambiwa sina ruhusa na tovuti yangu mwenyewe, jasho likanitoka nikidhani nimefungiwa. Tangu hapo nathibitisha kwa rekodi ya DNS, inayowekwa kwenye mipangilio ya jina la tovuti, hata nikibomoa ukurasa mzima umiliki unabaki.

Lakini usije ukaondoka hapa ukisema tagi haiwezi kukuumiza. Iliniumiza, tena sana, kwa jinsi ilivyobandikwa.

Kama umepitia Google Tag Manager, chombo chao cha kubandikia tagi, unapewa vipande viwili. Cha kwanza ni skripti ya kuweka juu kabisa, kwenye kile kichwa cha msimbo ambacho msomaji hakioni. Cha pili ni kile cha noscript, cha vivinjari visivyoendesha skripti za JavaScript, chenye iframe ndani (fremu ya kupachika ukurasa mwingine), na mahali pake ni mwanzoni mwa mwili wa ukurasa. Fundi niliyempa kazi alivibandika vyote viwili kichwani, juu ya tagi inayowaambia Google ipi ndiyo anwani rasmi ya ukurasa. Kwa jicho la kawaida hakuna kilichoharibika. Kumbe iframe hairuhusiwi kichwani, na mfumo unaosoma msimbo bila kuendesha JavaScript ukikutana nayo unahesabu kwamba kichwa kimeishia hapo. Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba wakikuta kitu kisichostahili kichwani, tagi zinazofuata wanazipuuza.

Nikachanganya na ujinga wangu mwenyewe: kwenye menyu ya tovuti nilikuwa nimeweka viungo vyenye mkia wa utm, maneno ya kufuatilia yanayoongezwa mwishoni mwa anwani, ili nijue nani amebofya wapi. Mikia hiyo ni ya kampeni za nje, si ya viungo vya ndani. Kwa hiyo kila ukurasa ukawa na anwani mbili tatu, na tagi ya kusema ipi ndiyo rasmi haisomwi. Nilikuja kugundua nilipotafuta makala yangu nikaikuta kwenye matokeo ikiwa na utm_source=menyu mwishoni. Nikakagua anwani ile ndani ya Search Console, sehemu ya anwani rasmi iliyotajwa na mwenye tovuti imeandikwa hakuna. Hakuna vipi, na mimi nikifungua msimbo naiona pale mstari wa ishirini na kitu? Nilizunguka siku mbili. Nilipokishusha kipande cha pili mahali pake na kufuta mikia ya menyu, mambo yalianza kurudi taratibu, ukurasa mmoja mmoja kadiri Google walivyopita tena.

Uzito nao una mchango wake, mdogo kuliko watu wanavyoutangaza. Tagi ya Analytics peke yake hupakiwa bila kuzuia ukurasa, hiyo siilaumu. Shida ni wenzake wanaoongozana nayo: kinasa mienendo ya kipanya, kidirisha cha gumzo, bango la kuomba ridhaa ya kuki linalosukuma maandishi chini mtu akiwa katikati ya kusoma. Google hupima hilo kwa watumiaji halisi wa Chrome: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuruka kwa vitu kusizidi alama 0.1. Hesabu ni ya siku 28, kwa hiyo ukirekebisha leo usitarajie ripoti ya kesho ibadilike.

Kwa hiyo usiing'oe kwanza. Linganisha tarehe uliyoweka tagi na tarehe ambazo Google walitangaza mabadiliko ya mfumo wao. Huwa wanayaandika hadharani, na wiki tatu ni muda wa kutosha mambo mawili yasiyohusiana kugongana. Kagua ukurasa mmoja ulioshuka kwenye Search Console, uangalie anwani rasmi inasomeka au la. Kisha nakili msimbo wa kichwa cha ukurasa huo, toka juu hadi pale mwili unapoanzia, uweke hapa tuuone.