Daftari la Mangi na Neno "Itaendelea"

Safari hii barua nyingi kutoka Arusha na Moshi zinahusu hadithi za aina moja: fantasia za mjini zenye giza, ambamo majini na mizimu wanapanda daladala na kupanga vyumba mitaani kwetu, na kila sehemu inakatwa mhusika akiwa ananing'inia. Dawati la hadithi linajibu.

SWALI: Nafuatilia hadithi ya jini linaloishi kwenye jumba bovu mjini. Kila sehemu inaishia palepale utamu unapokolea. Nabaki na arosto mpaka Ijumaa inayofuata, hata usingizi shida. Watunzi wanafanya makusudi? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Wanafanya makusudi, na ufundi wenyewe ni wa kale. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikuwa akikatiza hadithi alfajiri ili mfalme amwache hai hadi usiku wa pili. Kule Uingereza, Thomas Hardy alichapisha riwaya jaridani mwezi kwa mwezi mwaka 1872 na 1873, na katika toleo mojawapo akamwacha mhusika wake ameshikilia ukingo wa jabali kwa mikono, bahari iko chini yake. Wasomaji wakangoja mwezi mzima.

Hiyo arosto ina maelezo. Mwaka 1928 mtafiti Maria Ovsiankina alionyesha kwamba mtu aliyekatizwa kazi katikati huwa na msukumo wa kuirudia hata kama hakuna anayemlazimisha. Sehemu ya hadithi iliyokatwa vizuri ni kazi uliyokatizwa.

Kwa usingizi wako, fanya hivi. Acha sehemu tatu zijikusanye kwanza. Ukisoma, usisimame kwenye neno "Itaendelea". Ingia kwenye sehemu inayofuata, soma robo yake ya kwanza, mahali ambapo swali la jana hujibiwa na jipya bado halijapamba moto. Funga simu hapo. Sehemu ya mwisho kati ya zile tatu isome mchana.

SWALI: Naandika hadithi ya binti aliyepanga chumba mtaa wa Pasua, anafuatwa na mzimu wa bibi yake. Mwanzoni wasomaji walikuwa wananikimbiza, "shusha vitu!" Nimefika sehemu ya 9, sasa wanasema nawazungusha na wengi wameondoka. Kila sehemu naimaliza kwa kishindo. Nakosea wapi? (Mtunzi chipukizi, Njoro, Moshi)

JIBU: Ulitutumia sehemu zote tisa na tumezisoma zote. Miisho saba inafanana: binti anafungua kitu, ama mlango, ama begi, ama ujumbe wa simu, anaona jambo, anapiga yowe, basi. Huu ni mwisho wa sehemu yako ya 6:

"Neema alisukuma mlango. Alichokiona kilimtoa yowe ambalo hajawahi kulipiga tangu azaliwe."

Hadithi nzima tunaitazama kwa macho ya Neema. Hapa yeye anaona, sisi umetufunga kitambaa. Msomaji anahisi mkono wa mtunzi, na akishauhisi hauogopi tena mzimu. Kisha sehemu ya 7 ikafichua kwamba mlangoni alikuwa mwenye nyumba anadai kodi. Walipoanza kuondoka ni hapo. Aliyengoja siku saba akalipwa mwenye nyumba, mara ya pili hakopeshi.

Sasa ondoa kitambaa:

"Neema alisukuma mlango. Bibi alikuwa amesimama barazani, gauni walilomzika nalo limelowa tope hadi magotini. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale."

Kata hapo, usiongeze hata neno. Msomaji wa Moshi anajua kwamba kwa Wachagga mwenye isale mkononi amekuja kuomba radhi. Marehemu anaomba radhi kwa mjukuu, kwa kosa gani? Umemwonyesha kila kitu na bado hatalala. Asiye Mchagga umwandalie mapema: sehemu ya 3 au ya 4, weka mjomba aliyegombana na ndugu yake akipeleka isale, sentensi mbili tu. Ukieleza maana yake palepale mlangoni, umeua.

Tunakushauri ufungue daftari la mkopo, kama lile la Mangi wa dukani. Kila swali unaloliacha wazi ni deni. Andika sehemu ulipokopa, ulikopa nini, utalipa sehemu ya ngapi. Tulipokufanyia hesabu tulikuta maswali kumi na moja ya wazi kufikia sehemu ya 9, na yaliyolipwa ni mawili. Pete iliyopotea sehemu ya 2 haijatajwa tena. Msomaji anakumbuka pete kuliko unavyodhani.

Vipimo tunavyotumia hapa mezani ni hivi. Madeni makubwa yawe matatu, manne yakizidi sana. Deni dogo, kama nani anagonga mlango, lilipwe ndani ya maneno 300 ya kwanza ya sehemu inayofuata. La kati lisipite sehemu nne. Lile kubwa la hadithi nzima, kwenu ni kosa la bibi, laweza kungoja mwisho, ila ulipe kidogokidogo: kila baada ya sehemu mbili tatu tujue jambo moja la hakika ambalo hatukulijua. Kwa sehemu ya maneno 1,200, lipa kitu kabla ya neno la 800, na deni jipya liingie kwenye maneno 150 ya mwisho. Ukikopa bila kulipa, msomaji anaona anazungushwa. Ukilipa bila kukopa hana sababu ya kurudi Ijumaa, ingawa sehemu ya namna hiyo moja katika kila sita humpa pumzi, na inafaa.

Badilisha pia aina ya mkato. Kuona jambo umekutumia mno. Kuna mkato wa uamuzi: Neema ana dakika moja kuchagua kumkaribisha bibi ndani au kufunga mlango, na tunakata mkono ukiwa kwenye komeo. Kuna wa habari: mama anapiga simu kutoka Marangu anasema kaburi halijaguswa. Mkato wa uamuzi ndio tunaoupenda kuliko yote kwa sababu msomaji anakaa wiki nzima akijiuliza yeye angefanyaje.

Sehemu inayofuata ianzie palepale ulipokata. Usituhamishe kwa "wakati huohuo, jijini Dar es Salaam" huku bibi amesimama barazani. Na futa ile "Je, nini kitatokea? Usikose!" Kila mara jaribu kufuta sentensi ya mwisho, mwisho ukizidi kuwa mkali, iache imefutwa.

SWALI: Kwa nini hadithi nyingine damu imejaa kurasa nzima na bado haziogopeshi? (Msomaji, Kijenge, Arusha)

JIBU: Mara nyingi mji wake ni wa uongo. Hadithi hizi zinategemea msomaji aamini mtaa kwanza, ndipo aamini jini. Akikuta kosa kwenye mtaa anaoujua, jini nalo linaanguka.

Makosa tunayoyasahihisha mara kwa mara ni ya jua na mwezi. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu, na nusu saa baada ya kuzama giza limeshika. Ile jioni ndefu inayodumu saa mbili nzima, kivuli kinakua polepole, imeazimwa kwenye hadithi za Ulaya. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na huwa juu ya kichwa kwenye saa sita usiku. Baada ya hapo kila siku unachelewa kama dakika 50. Mwezi mwandamo unazama muda mfupi baada ya jua. Kwa hiyo ukiandika "usiku wa manane, hilali nyembamba ikimulika Mnara wa Saa", umekosea, na mfungaji wa Ramadhani atakuwa wa kwanza kukuambia. Ukitaka giza totoro, chagua mwezi mwandamo. Ukitaka kivuli cha kitu kisicho na mwili kionekane ukutani, chagua mpevu.

Kibo kutoka Moshi mjini iko kaskazini, na mchana kwa kawaida imejifunika mawingu. Huonekana zaidi asubuhi na jioni. Mijakaranda ya Arusha huchanua Oktoba na Novemba, usiimwage maua yake kwenye baridi ya Julai. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, hivyo mzimu wa mwaka 2015 usishuke nayo. Na umeme ukikatika mtaa wa maduka, majenereta huanza kunguruma. Ukimya kamili uutafute kwingine, Msitu wa Rau kwa mfano.

La pili ni sheria za nguvu za giza. Amua tatu na uziandike: linaweza nini, haliwezi nini, linamgharimu nini anayelitumia. Jini likipita ukutani sehemu ya 2, mlango uliofungwa sehemu ya 8 hautatisha mtu. Kwa mambo ya jadi uwe mwangalifu zaidi. Isale hupandwa pia mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mtunzi akiligeuza mmea wa kuita mashetani amewakosea watu, na amejinyima silaha kali aliyokuwa nayo mkononi. Muulize mzee kabla ya kuandika.

SWALI: Mhusika niliyempenda aliuawa, nikalia, sehemu tatu baadaye karudi mzima. Hiyo inaruhusiwa? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Inaruhusiwa kama mlango uliachwa wazi tangu siku ya kifo. Arthur Conan Doyle alimwangusha Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji Desemba 1893, wasomaji wakafadhaika, na mwaka 1903 akamrudisha. Aliweza kwa sababu maiti haikuonekana. Kilichopatikana ni barua na nyayo zinazoishia ukingoni. Kama mtunzi wako alikuonyesha jeneza, kaburi na arobaini, kisha akasema "kumbe hakufa", hapo una haki ya kukasirika. Kwenye hadithi za mizimu kuna njia safi zaidi: arudi akiwa amekufa, na arudi na upungufu. Asiweze kula. Asikumbuke jina la mwanawe. Machozi yako yanabaki na thamani yake.

SWALI: Nianze kuchapisha nikiwa na sehemu ngapi mkononi? (Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Sita zilizokamilika, pamoja na mwisho wa hadithi ulioandikwa walau nusu ukurasa. Akiba ikishuka chini ya tatu, tangaza mapumziko ya wiki mbili na utaje tarehe ya kurudi. Kupotea kimya baada ya mkato mkali ndiko kunakovunja imani kuliko mwisho wowote mbaya.

SWALI: Nikimwandikia mtunzi maoni, niseme nini zaidi ya "shusha vitu"? (Msomaji, Kiboriloni, Moshi)

JIBU: Mambo matatu humsaidia mno. Mtajie mstari uliokufanya usimame kupumua. Mtajie ulipopotea, yaani jina ulilolisahau au tukio ulilolazimika kurudi nyuma kulitafuta. Kisha andika unachodhani kitatokea, ila mtumie faragha usiwaharibie wenzako. Dhana za wasomaji ni kipimo chake cha vidokezo: wote wakidhani kitu kimoja na ndicho, vidokezo vimezidi, wakidhani mambo kumi yasiyohusiana kabisa, vimepungua. Kwa mtunzi anayesoma haya: ukikuta msomaji mmoja amelipatia jibu, usibadilishe mwisho kumkomoa. Huyo amesoma kila neno uliloandika.