Mtoto mashoto: adabu mfundishe, penseli muachie

Dada uliyeuliza kama umbadilishe mwanao wa miaka minne anayeshika kila kitu kwa kushoto na mama mkwe anasema ni mkosi, mimi ni mashoto tangu utoto na nakuomba sana usimchape. Karibu mtu mmoja kwenye kila kumi ni mashoto, mkosi gani huo wa watu wengi hivyo? Mimi darasa la kwanza nilichapwa vidole nikahamia kulia kwa woga, mwandiko hausomeki, kwenye imla naachwa sentensi nzima, mpaka nikapata mwalimu mwingine akaniambia andika kwa mkono unaoweza, nikarudi kushoto na mwandiko ukatulia.

Ila kula, kupokea kitu, kumpa mtu mkono, hayo mfundishe kulia taratibu, atayaweza. Mimi ugali nala kwa kulia na wala sihangaiki. Penseli ndo usiiguse.

Akianza shule ongea na mwalimu akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, akiwekwa katikati kiwiko chake kitagombana na cha mwenzie siku nzima. Daftari alilaze, kona ya juu ya kushoto ipande kidogo, na penseli asiishike karibu sana na ncha ili aone anachoandika, bila hivyo atazoea kukunja kiganja na akifika kwenye kalamu ya wino atakuwa anafuta kila neno kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye Kiarabu ni nafuu, mwandiko unatoka kulia kwenda kushoto so mkono unatangulia wino, madrasa daftari langu lilikuwa safi kabisa.

Kitu wazazi wengi hawakijui ni mkasi. Mkasi wa kawaida umetengenezewa mkono wa kulia, ukiushika kwa kushoto vidole vinaziachanisha zile bapa mbili, karatasi inakunjika badala ya kukatika, halafu mtoto anaambiwa mzito. Ipo mikasi ya mashoto, bapa zimegeuzwa, lakini madukani ni ya kutafuta. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa nakata kwa kulia, sindano ya mkono natumia kushoto, na wateja hawajui tofauti. Hata Rafael Nadal, bingwa wa tenisi aliyestaafu 2024, alikuwa anacheza kwa kushoto ila anaandika kwa kulia, kwa hiyo usishangae mwanao akichanganya, muwekee kitu katikati achague mwenyewe.