Fundi kapiga Windows mara tatu, spaiwea imerudi mara tatu

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko huku Ujiji, tuna kompyuta ya nyumbani, deskitopu ya mtumba, baba watoto aliinunua watoto wasomee na mimi niwekee mahesabu yangu ya mawese. Shida ni spaiwea, hizi programu zinazompeleleza mtu kwa siri. Matangazo yanaibuka pembeni hata sijafungua kitu, nikifungua Chrome haiji Google linakuja lidude lingine, na mwezi uliopita mtu aliingia kwenye Facebook yangu akaanza kuomba watu hela kwa jina langu, niliaibika jamani. Nimepeleka kwa fundi kule Mwanga mara tatu, kila mara anapiga Windows upya elfu ishirini, inakaa wiki safi halafu yaleyale. Fundi anasema ni watoto na magemu yao. Ni kweli? Nifanyeje isirudi? – Mama Mawese, Ujiji

JIBU: Pole sana dada, elfu sitini hiyo ni madumu kadhaa ya mawese. Watoto wanaweza kuwa na mchango wao ila mi siwabebeshi mzigo wote, maana kwa ulivyoeleza kuna vitu hapo havijawahi kutoka hata siku moja.

Hebu kumbuka, ukirudi na kompyuta toka Mwanga unafanya nini cha kwanza? Nabashiri unafungua Chrome unaingia na akaunti yako ya Google ili upate paswedi zako. Sasa ile akaunti inasinki, yani Chrome inatunza mambo yako kule Google na kuyashusha tena popote unapoingia, sio paswedi tu, na ekstensheni pia, vile viprogramu vidogo vinavyokaa ndani ya brauza. Kama kimoja wapo ndo kinachokubadilishia ukurasa wa kwanza na kusoma unachoandika, fundi anaweza kupiga Windows mpaka mwakani, wewe mwenyewe unakirudisha ukiingia tu. Andika chrome://extensions kule juu unapoandikaga anuani za tovuti, kila usichokijua futa. Na kama akaunti hiyohiyo ipo kwenye kompyuta nyingine, labda ya dukani au ya shemeji, nako ukafute, la sivyo itashuka tena toka huko.

Yale matangazo ya pembeni huenda wala sio spaiwea. Kuna tovuti zinakwambia bonyeza ruhusu kuthibitisha wewe sio roboti, ukibonyeza umeipa ruhusa ya kukutumia notifikesheni kila saa. Nenda mipangilio ya Chrome, sehemu ya notifikesheni, toa ruhusa kwa tovuti zote usizozijua, dakika mbili tu.

La pili litamuudhi fundi lakini nitalisema. Muulize Windows anayokuwekea ni ya kreki, yani ya wizi isiyolipiwa? Na Office je? Maana ile programu ya kuaktiveti, yani ya kuidanganya Windows ionekane imelipiwa, kwanza inataka antivirasi izimwe, halafu nyingi zinajiandikisha kwenye orodha ya mafolda yasiyokaguliwa, kwa hiyo Microsoft Defender, ile antivirasi inayokuja na Windows yenyewe, ipo, inafanya kazi, lakini folda lenyewe lenye mdudu inalipita kama haioni. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, kwenye mipangilio yake shuka mpaka chini pameandikwa Exclusions. Kwa kompyuta ya nyumbani hapo panatakiwa pawe patupu. Ukikuta kitu, ondoa, kisha endesha ule ukaguzi wa Offline, kompyuta itajizima na kuwaka na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Kwa mahesabu ya mawese LibreOffice, programu ya kazi zilezile za Office, inatosha na ni bure, na Windows isiyoaktivetiwa inaendelea kupokea apdeti za usalama, utavumilia tu yale maandishi yaliyofifia pale kona ya chini na kushindwa kubadilisha picha ya nyuma.

Halafu flashi. Hii imenikuta mimi mwenyewe, nilienda steshenari kuprinti barua, narudi nyumbani nachomeka, folda la picha za harusi ya mdogo wangu liko palepale ila lina kamshale kwenye kona, naangalia saizi, kilobaiti 2. Harusi nzima kilobaiti 2! Ile ni shotikati, ukiibonyeza inamwamsha mdudu kwanza halafu inakufungulia picha zako kama kawaida, ndo maana watu hawashtuki. Picha zenyewe zimefichwa tu hazijafutwa. Kama flashi inasoma E, fungua dirisha jeusi la cmd, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* zitaonekana, kisha futa zile shotikati. Na usiniambie inajiendesha ukiichomeka tu, Microsoft walishaizima tabia hiyo kwenye flashi tangu 2011, siku hizi anayemkaribisha ni kidole chako. Mi sasa nina flashi mbili, moja ni ya kutembea, ikirudi naifomati.

Watoto watengenezee akaunti yao isiyo ya adimini, wakitaka kuinsto magemu, mengi yataomba paswedi yako. Haizuii ekstensheni lakini, kwa hiyo za kwao nazo uzikague.

Facebook iache mwisho, safisha kompyuta kwanza, na paswedi ubadilishie kwenye simu, maana ukibadilishia kwenye kompyuta yenye mdudu umemsomea na hiyo mpya. Ondoa vifaa vyote vilivyologini, kwa sababu wezi siku hizi wanaiba kuki za brauza, vile vifaili vinavyokumbuka kuwa umeshaingia, na kuingia bila hata paswedi, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Email pia ufanye hivyohivyo.

SWALI: Kaka mi nina laptop ya Windows 7, nikiweka antivirasi mbili si nitakuwa salama zaidi? – Wa Isevya, Tabora

JIBU: Hapana mdogo wangu, zitagombana zenyewe kwa zenyewe na laptop itakuwa nzito kama imebeba tumbaku. Moja inatosha. Kubwa ni hiyo Windows 7, ilikatiwa apdeti tangu tarehe 14 Januari 2020, tundu linalogunduliwa leo halizibwi. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kama mashine haiwezi Windows 11, muulize fundi kuhusu Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni bure na ukishaizoea kuandika na brauza ni yaleyale, ila badala ya Word hapo ni LibreOffice. Ila toa mafaili yako kwanza kabla hajagusa chochote.