Humiki kwa mifugo inayoharisha: kwa mnaoanza kazi Mtwara

Ukiripoti Tandahimba au Newala msimu wa korosho, kesi za tumbo ndizo zitakazokupokea. Mbuzi wanafakamia mabibo yaliyodondoka, sukari inachacha tumboni, kinyesi kinakuwa uji. Mwenye mbuzi naye keshasikia kwa jirani kuna unga mweusi unaofunga tumbo siku hiyo hiyo, na anautaka huo tu.

Unga wenyewe ni humiki, asidi itokanayo na mimea iliyooza miaka mingi ardhini. Sehemu kubwa haiingii kwenye damu. Inabaki utumboni, inanasa sumu na kutuliza ukuta wa utumbo. Kamati ya dawa za mifugo ya Umoja wa Ulaya iliipitia mwaka 1999, na matumizi yaliyoelezwa yalikuwa miligramu 500 hadi 2,000 kwa kila kilo ya uzito, kwa mdomo. Mbuzi wa kilo 20 basi ni gramu 10 hadi 40. Tumia mizani, maana kijiko cha mama mwenye nyumba hakifanani na cha jirani yake. Unapomnywesha, kichwa kisipandishwe sana. Pua ikielekea juu dawa inaishia mapafuni.

Kabla ya hapo, mrudishie maji. Finya ngozi ya shingo uiachie: ikichelewa kurudi, na macho yamezama, huyo anakufa kwa kiu kabla humiki haijafanya lolote. Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kidogo kidogo kutwa nzima. Wafugaji hawaiheshimu dawa hii kwa sababu wanayo jikoni. Wasisitizie.

Angalia pia dukani. Humiki inayouzwa kwenye pembejeo za mikorosho ni ya udongo. Utaulizwa, "Bwana mifugo, si nyeusi ile ile?" Mjibu kwa heshima kwamba ya shambani huchanganywa na virutubisho vya mmea na haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mnyama. Atanuna kwa sababu ya bei; mwache anune.

Kwa kuwa inanasa sumu, itanasa na dawa nyingine. Dawa ya minyoo ya kunywesha usiipe pamoja nayo, acha saa kadhaa zipite.

Kuna kuhara ambako humiki ni kupoteza hela. Kuku anayeharisha kijani huku shingo imepinda ana mdondo, na huo hauna tiba. Chanja ambao hawajaugua kwa tone la jicho kila miezi mitatu. Vifaranga wanaotoa damu wafikirie koksidia, vimelea vya utumbo, na tafuta amproliamu, dawa yake. Na mbuzi aliyelishwa chini ya mikorosho iliyopuliziwa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, ukisikia pumzi yake inanuka yai viza, mtoe hapo na umpigie daktari wa wilaya haraka.

Kinyesi kichunguze na sampuli uchukue kabla ya kunywesha, kwa sababu unga ule unakitia weusi na damu huioni tena. Weka kwenye chombo safi kinachofunga, kikae kwenye ubaridi, ukipeleke maabara ya mifugo ya Mtwara mjini. Andika umri wa mnyama na alichokula jana yake. Maabara watakuuliza hayo kwanza.