Idadi ya watu ndiyo iliyoamua barabara

Ndugu uliyeuliza kwa nini kijiji kimoja India kina barabara nzuri na jirani yake hana: angalia idadi ya watu. Mpango wa serikali ya India wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza Desemba 2000, ulilenga kufikisha barabara inayopitika mwaka mzima kwenye makazi ya watu 500 na zaidi maeneo ya tambarare, 250 milimani na jangwani. Waliohesabiwa ni watu wa kila kitongoji, si wa kijiji kizima, kwa sensa ya 2001. Kwa hiyo kijiji cha tambarare cha watu 900 waliotawanyika vitongoji vitatu vilivyo mbali kimoja na kingine kingeweza kukosa kabisa. Mimi naona hilo liliwaumiza wanyonge, maana pasipo barabara hata bajaji ya kumpeleka mjamzito hospitali haifiki masika.